Polisi, jeshi na zana za vita: Sheria ya Kenya yasemaje?

MTAA wa Kaptembwo, upande wa magharibi wa jiji la Nakuru, ni miongoni mwa maeneo ya Kenya ambako wakazi wamewahi kushuhudia polisi wakilemewa na wanajeshi wakiitwa kuwasaidia. Hiyo ilikuwa Januari 2008. Tangu wakati huo taifa limepata Katiba mpya, sheria mpya ya polisi na sheria mpya ya jeshi. Hata hivyo, swali la nani anaruhusiwa kuingia mtaani, na akiwa na silaha gani, limejibiwa nusu tu.

Nusu iliyojibiwa inamhusu mwanajeshi mwenyewe. Nusu iliyosalia inahusu zana: bunduki za vita, magari ya deraya na helikopta, vitu ambavyo vinaweza kufika Kaptembwo pasipo mwanajeshi hata mmoja kuwa ndani yake. Makala haya yanaeleza sheria inavyosema kuhusu kila nusu, ilivyotumika katika miaka ya karibuni, na yale ambayo mataifa mengine yamejaribu kufanya.

JANUARI 2008

Kaptembwo ni wadi katika eneobunge la Nakuru Mjini Magharibi, jirani ya mitaa ya Kwa Rhonda na Ponda Mali. Ni mtaa wa nyumba za kupanga zilizosongamana, nyingi zikiwa za mabati na mbao, na wakazi wake wametoka karibu kila jamii ya Kenya. Vibarua wa viwandani, wachuuzi wa sokoni na waendeshaji wa bodaboda huamka huko kila alfajiri kwenda kutafuta riziki katikati ya mji.

Ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa Desemba 2007 zilikuwa tayari zimeenea maeneo mengine ya Bonde la Ufa zilipofika Nakuru. Mji huo ulikuwa umetulia kwa takriban wiki nne, na maelfu ya watu waliofurushwa makwao walikuwa wamekimbilia huko na kupiga kambi katika uwanja wa maonyesho ya kilimo na uwanja wa Afraha. Kisha, kuanzia Januari 24 hadi 27, 2008, mji wenyewe ukawaka. Kaptembwo ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoathirika zaidi. Nyumba ziliteketezwa, majirani wakakatana kwa mapanga na wengine wakadungwa mishale, na njia zikafungwa kwa mawe na magurudumu yaliyowashwa moto. Serikali ikatangaza amri ya kutotoka nje usiku, na wanajeshi wakatumwa mjini kusaidia polisi na kufungua barabara.

Wakati fujo hizo zilipohamia Naivasha, helikopta za jeshi ziliruka chini juu ya umati Januari 29 na kufyatua risasi za mpira, kulingana na taarifa za wanahabari waliokuwako. Kwa raia wengi wa eneo hilo, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona chombo cha vita kikitumika kutawanya wananchi.

Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilitoa ripoti yake Oktoba 2008. Ilihesabu watu 1,133 waliouawa kote nchini. Kati yao, 405 walikufa kwa majeraha ya risasi. Idadi hiyo inafaa kukumbukwa na yeyote anayejadili zana za kivita, kwa sababu raia walioshambuliana mitaani walitumia zaidi mapanga, mishale na moto. Bunduki zilikuwa, kwa sehemu kubwa, mikononi mwa serikali.

Je, ni sheria ipi iliyowaruhusu wanajeshi kuingia Nakuru siku hizo? Ilikuwa Sheria ya Majeshi ya mwaka wa 1968, iliyojulikana kama Sura ya 199. Sheria hiyo iliyapa majeshi kazi ya kulinda Jamhuri, kuunga mkono mamlaka ya kiraia katika kudumisha utulivu, na majukumu mengine yoyote ambayo Waziri angeyaagiza. Haikuhitaji idhini ya Bunge. Bunge la Kumi lilikuwa limekutana mara ya kwanza Januari 15, siku tisa kabla ya Nakuru kulipuka, lakini halikuwa na nafasi yoyote kisheria katika uamuzi huo.

MJI WA KAMBI

Ni vigumu kuizungumzia Nakuru bila kuyataja majeshi. Chuo cha Kijeshi cha Kenya kiko Lanet, kilomita chache mashariki ya mji. Gilgil kuna kambi kubwa za jeshi, na huko huko ndiko yaliko makao makuu ya ASTU, kikosi cha polisi cha kukabiliana na wizi wa mifugo. Magari ya kijani kibichi katika barabara kuu ya kuelekea Nairobi hayamshtui mtu.

Lanet pia ndipo serikali changa ya Kenya ilipopata funzo lake la kwanza kuhusu hatari ya wanajeshi wasiodhibitiwa. Mnamo Januari 24, 1964, wiki sita tu baada ya uhuru, askari wa Kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliasi katika kambi hiyo, siku chache baada ya wenzao wa Tanganyika na Uganda kufanya vivyo hivyo. Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ililazimika kuomba msaada wa wanajeshi wa Uingereza ili kuzima maasi hayo. Baada ya hapo, na hasa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, viongozi walipendelea kazi ya kutuliza raia ifanywe na kikosi cha GSU badala ya jeshi. GSU ni polisi kisheria. Hata hivyo, mafunzo yake, makazi yake ya kambini na silaha zake havitofautiani sana na vya askari wa jeshi la nchi kavu.

Hapo ndipo mzizi wa tatizo ulipo. Serikali inaweza kuepuka kabisa kumtuma mwanajeshi ikiwa inaye polisi aliyefunzwa na kuvishwa kama mwanajeshi.

KIFUNGU CHA 241

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 ilibadilisha mambo. Kifungu cha 239 kinataja vyombo vitatu vya usalama wa taifa, yaani Jeshi la Ulinzi la Kenya, KDF, Huduma ya Kitaifa ya Ujasusi na Huduma ya Kitaifa ya Polisi, na kuviweka vyote chini ya mamlaka ya kiraia. Kifungu cha 241 ndicho kinachoeleza kazi ya jeshi, na sehemu yake ya tatu ina aya tatu ambazo kila Mkenya angefaidika kwa kuzifahamu.

Aya ya kwanza inalipa jeshi jukumu la kulinda uhuru na mipaka ya nchi. Ya pili inasema jeshi litasaidia na kushirikiana na mamlaka nyingine wakati wa dharura au maafa, na litoe ripoti kwa Bunge la Kitaifa kila linapotumwa kwa sababu hizo. Ya tatu inasema jeshi linaweza kutumwa kurejesha amani katika sehemu yoyote ya Kenya iliyokumbwa na machafuko au ukosefu wa utulivu, lakini kwa idhini ya Bunge la Kitaifa pekee.

Tofauti kati ya aya ya pili na ya tatu ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mafuriko yakiwazingira watu, wanajeshi wanaweza kwenda mara moja na Bunge likaarifiwa baadaye. Majirani wakianza kuchomeana nyumba, Bunge lazima likubali. Kwa hivyo, jina ambalo serikali inalipa tukio ndilo linaloamua kama wabunge wataulizwa au wataambiwa tu. Machafuko ya Kaptembwo ya 2008 yangekuwa nini: dharura, au ukosefu wa utulivu? Mwanasheria wa serikali angeweza kutetea jina lolote kati ya hayo mawili.

Sheria ya Jeshi la Ulinzi ya mwaka wa 2012 iliongeza masharti. Inamtaka Waziri wa Ulinzi kulieleza Bunge sababu za kuwatuma wanajeshi, mahali watakapohudumu, idadi yao, muda na gharama inayotarajiwa. Sheria hiyo pia inasema kuwa wanajeshi wanapotumwa kusaidia mamlaka za kiraia nchini, usimamizi wa jumla wa operesheni hubaki mikononi mwa Inspekta Jenerali wa Polisi. Maana yake ni kwamba jenerali wa jeshi haji kuchukua mamlaka ya mji. Anakuja kumsaidia polisi.

Masharti haya yamewahi kufuatwa vizuri karibu kabisa na Nakuru. Mnamo Februari 13, 2023, baada ya mauaji ya mara kwa mara yaliyofanywa na wezi wa mifugo, Waziri wa Ulinzi wakati huo, Bw Aden Duale, alichapisha tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali kutuma KDF kusaidia polisi Kaskazini mwa Bonde la Ufa. Kaunti zilizotajwa ni Turkana, Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Baringo, Laikipia na Samburu. Mbili kati ya hizo, Baringo na Laikipia, zinapakana na Nakuru. Bunge liliidhinisha siku mbili baadaye, wabunge wakiwa wamepata fursa ya kuzungumza.

Mwaka uliofuata hali ilikuwa tofauti. Juni 25, 2024, waandamanaji waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha walivamia majengo ya Bunge jijini Nairobi, na miji mingine, Nakuru ikiwemo, ikashuhudia maandamano. Jioni hiyo hiyo Bw Duale alitangaza kuwa KDF imetumwa kusaidia polisi kote nchini kutokana na dharura ya usalama. Tangazo lilitaja aya ya pili, ile ya dharura. Bunge liliitwa kuidhinisha kesho yake, wanajeshi wakiwa tayari wametumwa.

Chama cha Wanasheria nchini, LSK, kilikimbilia mahakamani. Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alikataa kusimamisha hatua hiyo, akikubali kwamba hali ilihitaji msaada. Hata hivyo, aliiagiza serikali ichapishe katika muda wa siku mbili maelezo ya kazi ambayo wanajeshi wangefanya na muda ambao wangekaa. Alionya kwamba kutuma wanajeshi bila kuweka mipaka hiyo ni mwenendo hatari unaoweza kuifanya nchi iendeshwe kijeshi. Uamuzi huo haukumfurahisha kila mtu, lakini ulithibitisha jambo la maana: tangazo la kutuma jeshi ni waraka ambao jaji anaweza kuusoma na kuudai ukamilishwe.

BUNDUKI KABLA YA DERAYA

Watu wanapotaja zana za kivita, wengi hufikiria gari la deraya lenye magurudumu makubwa. Nchini Kenya zana ya kivita ya kwanza na ya kawaida zaidi ni bunduki. Kwa miongo mingi, afisa wa polisi anayelinda benki, anayepiga doria mtaani au anayesindikiza maandamano amebeba G3, iliyobuniwa Ujerumani kwa ajili ya wanajeshi, au AK-47. Risasi ya G3 ina kipenyo cha milimita 7.62 na imetengenezwa kumfikia adui aliye mamia ya mita mbali. Ikifyatuliwa katika uchochoro wa Kaptembwo, ukuta wa mabati hauizuii. Wala ule wa pili nyuma yake.

Ni ajabu kwamba mjadala wa umma hugusa jambo hili mara chache sana, ilhali ndilo linaloua.

Afrika Kusini ililikabili swali hilo hilo kwa uchungu. Agosti 16, 2012, polisi waliwaua kwa risasi wachimbaji madini 34 waliokuwa wamegoma huko Marikana. Tume ya Jaji Ian Farlam, ambayo ripoti yake ilitolewa hadharani Juni 2015, iliambiwa na wataalamu kwamba bunduki za kufyatua mfululizo kama R5 hazina nafasi katika kazi ya kudhibiti umati, na ikapendekeza ziondolewe katika kazi hiyo. Tume ile iliangalia aina ya silaha pamoja na tabia ya aliyeishika.

Sheria ya Kenya imejikita zaidi katika tabia. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya mwaka wa 2011, katika Jedwali la Sita, inamtaka afisa ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Nguvu ikihitajika, iwe inayolingana na uzito wa kosa na upinzani uliopo. Silaha ya moto itumike pale tu njia nyingine zimeshindikana, kama vile kuokoa maisha ya afisa au ya mtu mwingine aliye katika hatari ya papo hapo. Afisa atoe onyo la wazi. Akimuua au kumjeruhi mtu vibaya, taarifa ifikishwe kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA. Amri ya mkubwa si kinga ikiwa amri hiyo ilikuwa haramu.

Masharti hayo yanafanana sana na kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana mwaka wa 1990, na hakuna ubaya hapo. Jedwali hilo linaagiza pia kutungwa kwa kanuni zitakazobainisha aina za bunduki na risasi zinazoruhusiwa, na kupiga marufuku zile zinazosababisha majeraha yasiyo ya lazima. Huu ndio uzi pekee katika sheria yetu unaogusa zana yenyewe. Ni uzi mwembamba. Unamwachia Waziri kuamua kipi kinafaa, na haumhitaji mbunge, diwani wala mkazi kuulizwa lolote.

MAGARI 30 KUTOKA CHINA

Hoja ya polisi isipuuzwe. Novemba 2012, zaidi ya maafisa 40 waliuawa katika Bonde la Suguta, karibu na Baragoi, walipokuwa wakifuata mifugo iliyoibwa. Miaka miwili baadaye maafisa wapatao 20 waliviziwa na kuuawa karibu na Kapedo, mpakani mwa Baringo na Turkana. Wengi walikuwa vijana, wakisafiri katika magari ya kawaida yasiyoweza kuzuia hata risasi ya bunduki iliyochakaa. Familia zao ziliuliza, kwa haki kabisa, mbona watoto wao walitumwa vitani wakiwa kwenye lori.

Jibu la serikali lilikuja mwaka wa 2016, polisi walipopokea magari 30 ya deraya aina ya VN4, yaliyotengenezwa na kampuni ya Norinco ya China. Hakuna mwenye nia njema anayeweza kumnyima afisa wa Kapedo gari kama hilo.

Tatizo ni kwamba gari likishanunuliwa halina mpaka. Hakuna kifungu cha sheria kinachosema deraya ya kukabiliana na wezi wa mifugo haiwezi kupelekwa kwenye maandamano mjini. Katiba inadhibiti safari ya mwanajeshi kutoka kambi ya Lanet hadi Kaptembwo, umbali ambao matatu huumaliza kabla abiria hajasinzia. Chombo kile kile kikipakwa rangi ya polisi na kuendeshwa na polisi, kinaweza kwenda umbali huo huo kwa amri ya kamanda tu.

Ununuzi wenyewe hufanyika gizani. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka wa 2015 inaruhusu utaratibu maalumu wa siri kwa bidhaa za usalama. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016, inayompa kila raia haki ya kudai maelezo kutoka kwa taasisi za umma, inaweka kando habari zinazoweza kuhatarisha usalama wa taifa. Kamati ya Bunge hupitia bajeti ya polisi, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua matumizi. Lakini hao huona fedha. Orodha ya kilicho ghalani, na kanuni za lini kinaruhusiwa kutoka, si sehemu ya mazungumzo na umma.

MAJIMBO YA MAREKANI

Mahali ambapo sheria zimetungwa mahsusi kuhusu zana za kijeshi mikononi mwa polisi ni Marekani, na sababu yake ni ya kipekee. Nchi hiyo ina sheria ya mwaka wa 1878 inayozuia jeshi la nchi kavu kutumika kutekeleza sheria za kiraia, isipokuwa pale Katiba au Bunge la Congress limeruhusu. Lakini tangu miaka ya tisini, wizara ya ulinzi imekuwa ikiwagawia polisi wa miji na wilaya vifaa ambavyo jeshi halivihitaji tena, kuanzia blanketi na jenereta hadi bunduki na magari yaliyoundwa kustahimili mabomu ya kutegwa ardhini. Kwa maneno mengine, wao walifunga mlango kwa mwanajeshi zaidi ya karne moja iliyopita, kisha zana zake zikapitia dirishani.

Agosti 2014, polisi wa mji mdogo wa Ferguson, jimbo la Missouri, walimpiga risasi na kumuua kijana mweusi, Michael Brown. Picha za maafisa wakiwa juu ya magari ya deraya, wakiwaelekezea waandamanaji bunduki, zilienea duniani. Rais Barack Obama aliweka vikwazo mwaka wa 2015. Rais Donald Trump akaviondoa mwaka wa 2017. Joe Biden akarejesha baadhi yake mwaka wa 2022, na Trump aliporudi mamlakani mwaka wa 2025 akaagiza vifaa vitolewe kwa wingi zaidi. Amri ya rais, yaani, hudumu muda ambao rais anadumu.

Majimbo yalichagua njia ya sheria. Montana, mwaka wa 2015, ilipiga marufuku polisi wake kupokea kutoka kwa mpango huo droni zenye silaha, ndege za mapigano, maguruneti, vifaa vya kuzima mlio wa bunduki na magari ya deraya ya kijeshi. New Jersey, mwaka huo huo, haikupiga marufuku kitu. Ilisema tu kwamba baraza la mji lazima liidhinishe kabla polisi hawajapokea.

California ilikwenda mbali zaidi. Sheria iliyotiwa saini Septemba 30, 2021, na kuanza kutumika mwaka uliofuata, inaorodhesha vitu vinavyohesabiwa kuwa zana za kijeshi, na orodha yenyewe ni pana: magari ya deraya, droni, mabomu ya mshtuko, bunduki za risasi nene, hata gesi ya kutoa machozi. Kila idara ya polisi inatakiwa kuandika sera inayotaja kila kifaa, bei yake, kazi yake na mafunzo yanayohitajika. Sera hiyo husomwa na kujadiliwa hadharani katika baraza la waliochaguliwa, na baraza likikataa, kifaa hakitumiki, hata kama kilinunuliwa zamani. Kila mwaka idara hutoa ripoti ya mahali kila kifaa kilipotumika na malalamiko yaliyopokewa, kisha huitisha mkutano na wakazi.

Mfano huo hauwezi kuhamishiwa Kenya kama ulivyo. Polisi wa California ni wa mji au wilaya, na baraza la mji ndilo linalowalipa. Polisi wa Kenya ni wa serikali ya kitaifa. Jedwali la Nne la Katiba linaliweka suala la polisi na usalama miongoni mwa majukumu ya serikali hiyo, na gavana wa Nakuru hana mamlaka ya kumwamuru hata konstebo mmoja.

Hata hivyo, sheria ya polisi ya 2011 iliacha kijidirisha. Inaunda katika kila kaunti Mamlaka ya Usalama ya Kaunti, inayoongozwa na gavana au afisa wa serikali ya kaunti aliyemteua, ikiwajumuisha makamanda wa polisi na wawakilishi wa wananchi. Kazi yake ni kupendekeza vipaumbele vya kupambana na uhalifu katika kaunti na kuwashirikisha wakazi. Magavana wamelalamika mara kwa mara kwamba vyombo hivyo vimebaki katika karatasi, au vimenyimwa fedha na ushirikiano. Kama kuna mahali ambapo mkazi wa Nakuru angeweza kumuuliza kamanda wake ni silaha zipi zinazofaa mitaa yenye msongamano, basi ni hapo.

ANAYETAKA ULINZI

Ingekuwa kosa kuwachora wakazi wa Kaptembwo kama watu wasiotaka polisi. Magenge ya vijana, hasa lile linalojiita Confirm, yamewahangaisha wakazi wa mitaa ya magharibi ya Nakuru kwa miaka kadhaa, na mama anayefunga kibanda chake saa mbili usiku anataka doria yenye nguvu. Mwaka wa 2008 pia, wengi walioponea waliwashangilia wanajeshi. Walishangilia kwa sababu waliona watu wasioegemea upande wowote, jambo ambalo hawakuwa na hakika nalo kuhusu kila afisa wa polisi wa wakati huo.

Hiyo ni hoja ya kutambulika kwa anayebeba silaha. Agosti 2024, Mahakama Kuu, kupitia Jaji Bahati Mwamuye, iliagiza maafisa wanaosimamia maandamano wavae sare zenye jina au nambari ya kazi na wasifiche nyuso zao. Malalamiko ya wakati huo yalikuwa ya watu wasio na sare, katika magari yasiyo na nambari halali za usajili. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39 vilivyohusiana na maandamano kufikia Julai 1 mwaka huo. Bunduki ya kijeshi iliyo mikononi mwa mtu asiyejulikana haina pa kufuatiliwa.

Mkazi aliyedhurika ana njia tatu ambazo sheria inazitambua. Anaweza kulalamika kwa IPOA, ambayo ina ofisi Nakuru na ina uwezo wa kupendekeza afisa ashtakiwe. Anaweza kuomba habari kwa maandishi chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba, na akinyimwa, akakate rufaa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Na chini ya Kifungu cha 119, mtu yeyote anaweza kuwasilisha ombi kwa Bunge la Kitaifa litunge au libadilishe sheria. Ombi la aina hiyo halihitaji wakili wala ada.

Ndani ya ombi kama hilo, marekebisho yanayohitajika si makubwa. Kifungu cha 241 tayari kina maneno yanayofaa kuhusu askari wa jeshi. Kinachokosekana ni aya katika sheria ya polisi inayosema magari ya deraya, helikopta na bunduki za aina ya vita havitatumika kudhibiti umati bila sababu zilizoandikwa, afisa aliyeidhinisha kutajwa, na ripoti kupelekwa Bungeni na kwa Mamlaka ya Usalama ya Kaunti husika. Mwakilishi wa wadi ya Kaptembwo anaweza leo kuuliza katika Bunge la Kaunti kuhusu taa za barabarani, mitaro na soko. Kuhusu kilicho katika ghala la silaha la kituo kilicho karibu na soko hilo, hakuna sheria inayomtaka mtu yeyote amjibu.